Kidonda kisichopona mguuni si cha kuvumilia sokoni

MFANYABIASHARA wa mpakani anaijua thamani ya mguu kuliko watu wengi. Ndio unaomfikisha Rusumo kabla foleni haijawa ndefu, unaomvusha Busia na mzigo wa dagaa, unaomsimamisha nyuma ya meza ya vitenge Namanga kuanzia asubuhi hadi jua linapozama. Lakini mguu huohuo ukipata kidonda, mara nyingi huwa wa mwisho kuhudumiwa. Kidonda kinafungwa kitambaa, kinanyunyiziwa unga wa kidonge, na safari inaendelea.

Wiki zinapita. Kidonda kilichoanza kwa kukwaruzwa na chuma cha mkokoteni kinakuwa kikubwa kama kiganja cha mtoto. Kinatoa maji, kinanuka, na mwenye nacho anaanza kukwepa kukaa karibu na abiria wenzake kwenye basi. Mitaani kinaitwa donda ndugu, na kweli kinafanana na ndugu aliyekuja kusalimia akahamia.

Kitabibu, kidonda kinachopita wiki 4 hadi 6 bila dalili ya kufunga huhesabiwa kuwa sugu. Kwa sehemu ya chini ya goti, miongozo ya baadhi ya nchi haisubiri hata muda huo: kikifika wiki 2 bila kupona, kinatakiwa kichunguzwe chanzo chake. Kwa mwenye kisukari hakuna wiki ya kusubiri. Kidonda chochote cha unyayo au cha kidole kinampeleka kituoni siku hiyohiyo, au kesho yake asubuhi.

Haraka hiyo ina sababu. Kwa watu wenye kisukari, zaidi ya asilimia 80 ya miguu inayokatwa ilianza na kidonda. Shirikisho la Kimataifa la Kisukari lilikadiria mwaka 2021 kwamba watu wazima milioni 24 katika kanda yake ya Afrika wanaishi na ugonjwa huo, na zaidi ya nusu yao hawajijui. Kwa hiyo kwa wafanyabiashara wengi, kidonda cha mguu kinaweza kuwa ndiyo taarifa ya kwanza kwamba sukari imepanda kwa miaka mingi bila kelele.

Damu isiyorudi

Kosa kubwa linalofanyika ni kutibu kidonda kana kwamba ndicho ugonjwa wenyewe. Kidonda sugu cha mguu ni dalili. Chini yake kuna jambo linalokizuia kufunga, na jambo hilo lisipojulikana, dawa zote za duka haziwezi kukiponya.

Jambo linaloongoza duniani kwa vidonda vya sehemu kati ya goti na kifundo ni damu kushindwa kurudi juu. Moyo unasukuma damu hadi vidoleni, lakini kuirudisha kunategemea sana misuli ya kigimbi. Kila hatua mtu anayopiga, misuli hiyo inaikamua mishipa, na ndani ya mishipa zimo vali ndogo zinazozuia damu isishuke tena. Anayesimama saa 10 mahali pamoja, au anayekaa kwenye basi kutoka Kampala hadi Kigali bila kunyoosha mguu, ameizima pampu hiyo kwa muda wote huo.

Miaka ikipita, hasa kwa mwenye uzito mkubwa, mama aliyezaa mara nyingi, au mtu aliyewahi kupata damu iliyoganda mguuni, vali zinalegea. Damu inatuama. Mguu unavimba jioni na kupungua asubuhi. Ngozi ya juu ya kifundo, hasa upande wa ndani, inawasha, inakuwa nyeusi kuliko sehemu nyingine na kuwa ngumu. Ngozi ya namna hiyo haihitaji panga ili ipasuke. Mkwaruzo wa gunia unatosha.

Kidonda cha aina hii kwa kawaida hakina kina kirefu, kingo zake hazina mpangilio, na kinatoa maji mengi. Maumivu yake hupungua mgonjwa anapoinua mguu.

Damu isiyofika

Aina ya pili ni kinyume chake. Mishipa inayoleta damu kutoka kwenye moyo imeziba au imekuwa myembamba, kwa sababu ya umri, sigara, shinikizo la damu, mafuta mengi kwenye damu au kisukari. Hapa tatizo ni uhaba wa damu, na nyama isiyopata damu haiwezi kujijenga.

Vidonda hivi hutokea zaidi kwenye vidole, kisigino au upande wa nje wa kifundo. Ni vidogo, vina kina, na kingo zake zimekatika kama zilizotobolewa kwa chombo. Mguu huwa wa baridi, ngozi inang'aa na vinyweleo vimepungua. Mgonjwa hulalamika kuwa kigimbi kinakaza akitembea umbali fulani, na akisimama maumivu yanaondoka. Ugonjwa ukizidi, maumivu yanamwamsha usiku, na anapata nafuu akiuning'iniza mguu pembeni ya kitanda.

Tofauti hiyo ndogo, nafuu ya kuinua na nafuu ya kuning'iniza, ina uzito mkubwa. Tiba kuu ya kidonda cha aina ya kwanza ni kuufunga mguu kwa bendeji ya kubana. Bendeji hiyohiyo, ikifungwa kwa nguvu zilezile kwenye mguu usiopata damu, inaweza kuuozesha.

Mguu usiosikia

Aina ya tatu ndiyo inayodanganya zaidi, kwa kuwa haiumi. Kisukari cha muda mrefu kinaharibu mishipa ya fahamu, na nyayo zinakufa ganzi. Kwanza mtu anahisi kama anatembea juu ya pamba, au vidole vinachoma usiku, kisha hahisi chochote. Kokoto ikiingia kwenye kiatu pale Mutukula, anaweza kutembea nayo hadi Masaka.

Kidonda cha namna hii hukaa pale uzito wa mwili unapokandamiza: chini ya kidole gumba, kwenye mto wa unyayo, kwenye kisigino. Huzungukwa na sugu nene. Mara nyingi sugu hiyo huonekana kwanza, na kidonda kinajificha chini yake.

Ulimwengu ulijifunza somo hili kwa sehemu kubwa kupitia wagonjwa wa ukoma. Daktari Paul Brand, aliyefanya kazi kusini mwa India katikati ya karne iliyopita, alionyesha kwamba miguu na mikono ya wagonjwa wake haikuwa ikioza yenyewe, kama watu walivyoamini. Ilikuwa ikiumia kila siku kwa sababu haikuhisi maumivu ya kuionya. Ilipolindwa isiumie, vidonda vilifunga. Tiba ya mguu wa kisukari imesimama juu ya msingi huohuo.

Dar es Salaam nako kuna ushahidi wake. Daktari Zulfiqarali Abbas na wenzake, ambao kwa miaka mingi wamehudumia miguu ya wenye kisukari jijini humo, waliwahi kuandika katika jarida la kitabibu kuhusu wagonjwa walioumwa na panya miguuni wakiwa usingizini. Hawakuamka, kwa kuwa hawakuhisi. Waligundua asubuhi. Kwa mfanyabiashara anayelala ghala moja na mahindi yake akisubiri kupambazuka, hilo ni jambo la kuzingatia.

Vidonda vya ukanda huu

Zipo pia sababu ambazo daktari wa Ulaya anaweza asizifikirie, lakini wa Afrika Mashariki na Kongo hapaswi kuzisahau. Mojawapo imechukua jina lake hapahapa: kidonda cha Buruli, kilichoitwa hivyo kwa eneo la Buruli nchini Uganda. Daktari Albert Cook wa Hospitali ya Mengo, Kampala, alieleza vidonda vinavyofanana nacho tangu mwaka 1897. Huanza kama uvimbe usiouma, kisha ngozi inapasuka na kidonda kinatambaa chini ya kingo zake. Kinaletwa na bakteria wa ukoo mmoja na wale wa kifua kikuu na ukoma, na kinatibika kwa dawa mbili maalumu za antibayotiki zinazotumiwa kwa wiki 8.

Katika nyanda zenye udongo mwekundu wa volkano nchini Uganda na Rwanda, kuna watu wanaovimba miguu kwa kutembea peku miaka mingi. Mguu unafanana na matende, lakini mbu hahusiki. Ngozi inapasuka na kufanya vidonda. Kuosha mguu kila siku kwa sabuni, kuupaka mafuta na kuvaa viatu kunaurudishia mtu uwezo wa kufanya kazi.

Wenye selimundu nao hupata vidonda karibu na kifundo. Funza wasiotolewa vizuri huacha matundu yanayoingiza vijidudu, pamoja na vile vya pepopunda. Na kidonda kilichokaa miaka, hasa juu ya kovu la moto, kinaweza kugeuka saratani. Kingo zikianza kuinuka na kuota nyama ngumu, au kidonda kikivuja damu kwa kuguswa tu, daktari huchukua kipande kidogo kikapimwe maabara.

Kidonda kinapimwaje

Muuguzi au daktari mzuri haanzi na bendeji. Anaanza na maswali: kidonda kilianza lini na kwa nini, kimewahi kupona na kurudi, maumivu yanazidi wakati gani, mgonjwa anavuta sigara, anatumia dawa gani, ana kisukari au shinikizo la damu. Kisha anaiangalia miguu yote miwili, ikiwa imevuliwa viatu na soksi, na kupima sukari ya damu hata kama mgonjwa anaapa kuwa hana ugonjwa huo.

Baadaye anashika mapigo ya damu sehemu mbili: juu ya unyayo, na nyuma ya kifundo upande wa ndani. Pasipo uhakika, kinatumika kipimo cha kulinganisha. Mgonjwa analala chali apumzike, shinikizo la damu linapimwa mkononi, kisha kwenye kifundo kwa kifaa kidogo kinachosikiliza mkondo wa damu. Namba ya kifundo inagawanywa kwa ya mkono.

Hesabu yake si ngeni kwa mtu aliyezoea kubadili faranga kuwa shilingi. Kifundo kikisoma 120 na mkono 130, jibu ni 0.92: damu inafika, na bendeji ya kubana inaweza kutumika. Kati ya 0.8 na 1.3 ndiyo nafasi salama. Chini ya 0.8 kunahitaji tahadhari na ushauri wa mtaalamu. Kifundo kikisoma 55 kwa mkono wa 130, jibu ni 0.42, na chini ya 0.5 hakuna kubana: mgonjwa anapelekwa haraka kwa daktari wa upasuaji wa mishipa. Namba iliyozidi 1.3 nayo haiaminiki, kwa kuwa mishipa ya wenye kisukari inaweza kuwa migumu kiasi cha kukataa kubanwa.

Ganzi hupimwa kwa uzi wa nailoni unaopinda ukibonyezwa kwa nguvu ya gramu 10. Mgonjwa anafumba macho na kusema anapoguswa. Asiyehisi uzi huo yuko katika hatari ya kidonda hata kama leo unyayo wake ni mzima.

Mwisho kinapimwa kidonda chenyewe: urefu, upana, kina, rangi ya nyama, wingi wa maji, harufu na hali ya kingo. Kikiwa kirefu, daktari hukichokoa taratibu kwa kijiti cha chuma safi. Akigusa mfupa, huenda mfupa umeshaambukizwa, na picha ya eksirei itahitajika.

Vipimo hivi viandikwe. Kidonda cha sentimita 4 kwa 3 kina eneo la takriban sentimita za mraba 12. Tiba ikiwa sahihi, baada ya wiki 4 eneo hilo linapaswa kuwa limekaribia nusu. Likibaki palepale, hoja si kuongeza wiki nyingine 4 za dawa ileile, bali kuuliza upya chanzo ni nini.

Tiba inayofanya kazi

Hatua ya kwanza ni kusafisha, na maji safi yaliyochemshwa yakapoa yanatosha, au maji ya chumvi ya hospitali. Nyama iliyokufa na sugu huondolewa na mtaalamu, kwa kuwa juu ya nyama mfu hakuna kinachoota. Kisha kidonda kinafunikwa kwa kitambaa safi cha dawa kinachokiacha na unyevu wa kiasi. Imani kwamba kidonda lazima kianikwe juani hadi kikauke inachelewesha kupona, maana seli mpya za ngozi husafiri vizuri zaidi penye unyevu.

Baada ya hapo tiba hufuata chanzo. Kwa damu isiyorudi, dawa kuu ni bendeji ya kubana, inayofungwa kuanzia shina la vidole, kupita kisigino, hadi chini ya goti. Inabana zaidi kwenye kifundo na kulegea kadiri inavyopanda. Ifungwe na aliyefundishwa. Vidole vikiwa vya baridi, vikibadilika rangi au kufa ganzi, ifunguliwe mara moja. Kidonda kikipona, mgonjwa huendelea na soksi maalumu za kubana, kwa sababu vali zilizolegea hazikujirekebisha na kidonda hurudi kwa urahisi.

Kwa damu isiyofika, tumaini lipo kwenye kufungua au kuzunguka mshipa ulioziba, na kuacha sigara si ushauri wa pembeni bali ni sehemu ya tiba.

Kwa mguu wa ganzi, tiba ni kuutua mzigo. Hospitali zenye uwezo hufunga plasta ngumu au kiatu maalumu kinachosambaza uzito ili kidonda kisikanyagiwe. Hilo ndilo agizo gumu kuliko yote kwa mfanyabiashara. Kidonda hakiumi, mteja anasubiri, na lori la vitunguu limeshafika. Lakini kila hatua juu ya kidonda hicho inavunja kilichojengwa usiku. Sukari nayo lazima ishuke, na mwili upewe vya kujengea: maharage, mayai, dagaa, mboga za majani.

Antibayotiki zina nafasi yake, ila si kila siku. Kila kidonda kilicho wazi kina bakteria juu yake, na hilo peke yake si maambukizi. Dawa hizo zinahitajika pale wekundu au weusi wa ngozi unapotanuka, sehemu inapokuwa ya moto, uvimbe na maumivu vinapozidi, usaha unapotoka au homa inapopanda. Zikitumiwa bila sababu, bakteria wanazizoea, na siku ya haja hazisaidii.

Yanayoumiza badala ya kuponya

Orodha ya vitu vinavyopakwa kwenye vidonda sokoni ni ndefu: unga wa vidonge vya rangi mbili, dawa ya meno, majivu, kinyesi cha ng'ombe, mafuta ya breki, unga wa betri, tumbaku. Baadhi vinachoma nyama, vingine vinaingiza pepopunda. Unga wa kidonge hutengeneza ganda linalofunika usaha, na juu panaonekana pamekauka huku chini panaoza.

Hata vitu vya hospitali vina mipaka. Spiriti na haidrojeni peroksaidi vikimiminwa kila siku kwenye kidonda vinaua pia seli changa zinazojaribu kufunga. Maji ya moto yenye chumvi, yanayopendwa kwa kukanda, yamewababua wengi wenye nyayo za ganzi. Maji yapimwe kwa kiwiko, si kwa mguu.

Matibabu yanapovuka mpaka

Mzigo wa mfanyabiashara mdogo usiozidi thamani ya dola 2,000 una utaratibu wake rahisi katika Jumuiya ya Afrika Mashariki, na cheti chake cha uasili wa bidhaa. Kila kituo unapopita, karatasi zinasoma umetoka wapi. Kidonda cha mwenye mzigo husafiri bila karatasi yoyote. Kinafungwa Kahama Jumatatu, kinafunguliwa Kigali Alhamisi, na muuguzi wa pili anaanza upya kwa kubahatisha.

Dawa ni daftari. Daftari la kawaida la kurasa chache, linalokaa pamoja na hati ya kusafiria, linaweza kubeba tarehe, vipimo vya kidonda, majibu ya sukari, namba ya kifundo kwa mkono, aina ya bendeji na majina ya dawa. Picha ya simu inayopigwa kila wiki, kukiwa na rula pembeni, inaongeza ushahidi. Rula ni bora kuliko sarafu, maana sarafu za nchi hizi hazilingani ukubwa.

Majina ya dawa nayo yanahitaji umakini. Kidonge kilekile cha kisukari kinaweza kuuzwa kwa jina moja Nairobi na jingine Bujumbura. Anayenunua pande zote mbili bila kulinganisha anaweza kumeza dozi mbili za kitu kimoja. Jina la kuangalia ni lile la kitaalamu lililoandikwa kwa herufi ndogo kwenye boksi, na boksi lenyewe lisitupwe hadi dozi iishe.

Suala la malipo liulizwe mapema. Kadi ya bima iliyokatwa nchi moja haina uhakika wa kupokelewa ng'ambo, kwa hiyo ni heri kupanga siku za kusafishwa kidonda ziangukie upande ambako kadi inafanya kazi. Vikundi vya kuweka na kukopa, viitwe vikoba au chama, huwa na mfuko wa msiba. Vinaweza pia kujadili mfuko wa mwanachama anayeambiwa na daktari asikanyage kwa miezi miwili. Mwenzake akimvushia mzigo katika kipindi hicho, kikundi kimeokoa mguu na mkopo kwa pamoja.

Ujuzi nao unavuka mipaka. Kituo cha kanda cha mafunzo ya magonjwa ya ngozi kilichopo KCMC, Moshi, kimekuwa kikifundisha wahudumu wa afya kutoka nchi nyingi za Afrika tangu mwaka 1992. Mgonjwa aliyeambiwa katika zahanati kwamba kidonda chake hakieleweki ana haki ya kuomba rufaa kwenda hospitali yenye kitengo cha ngozi, cha kisukari au cha upasuaji.

Kinga kati ya safari mbili

Kinga haihitaji kufunga duka. Anayesimama muda mrefu apate kigoda, na kila saa ainue visigino juu na chini mara 20 au 30 ili kuamsha pampu ya kigimbi. Kwenye basi mazoezi hayo yanafanyika mtu akiwa ameketi. Jioni miguu iinuliwe juu ya mto, zaidi ya usawa wa moyo, kwa nusu saa.

Anayetaka kujua kama mguu umejaa maji abonyeze muundi kwa kidole gumba kwa sekunde kadhaa. Kikibaki kishimo, mguu umevimba na unahitaji kuchunguzwa.

Viatu vinunuliwe jioni, mguu ukiwa umepanuka, na vikung'utwe kabla ya kuvaliwa. Kandambili hazifai kwa mguu wa ganzi: zinachomoka bila mtu kuhisi, na misumari ya maboksi haikosekani sokoni. Unyayo ukaguliwe kila usiku, kwa kioo au kwa msaada wa mtu wa nyumbani. Kucha zikatwe kwa kunyooka. Anayelala ghalani achomekee chandarua vizuri na kuvaa soksi.

Zipo siku ambazo hata lori la bidhaa lazima lisubiri. Kidole kikigeuka cheusi, mguu ukipoa ghafla na kuuma, wekundu ukipanda kuelekea goti, kidonda kikitoa harufu kali pamoja na homa, au mguu wa mwenye kisukari ukivimba na kuwa wa moto hata bila kidonda, hiyo ni dharura. Hospitali iliyo karibu ndiyo sahihi, iwe upande wowote wa mpaka.

Wahenga walisema mficha maradhi kilio humuumbua. Kidonda kilichofunikwa kwa suruali ndefu au kwa kitenge hakimsumbui mteja, lakini kinaendelea na kazi yake chini kwa chini. Kikiwa na wiki 2, kinahitaji muuguzi, kipimo cha sukari na bendeji iliyofungwa na mwenye ujuzi. Kikiachwa hadi kifike mfupani, kinaweza kuhitaji chumba cha upasuaji, na baada ya hapo biashara ya kuvuka kwa miguu inakuwa hadithi.